Maua ya Hina Juu ya Mshumaa

ZUHURA: Asalaam aleikum, karibuni tena barazani. Mimi ni Zuhura, na huyu mwenzangu...

MWANAISHA: Mwanaisha wa Mji wa Kale, kucha zimejaa nta mpaka leo.

ZUHURA: Shoga, leo usikwepe. Tupe ile ya mishumaa ya harusi.

MWANAISHA: Yarabi! Haya. Mishumaa arubaini, nimeimimina mwenyewe jikoni kwangu. Nikaichora maua ya hina kwa rangi ya akriliki, ile ya kuchorea picha, dhahabu na damu ya mzee. Wallahi ilipendeza. Mpaka ilipowashwa.

ZUHURA: Nilikuwepo. Nikauliza, nani anachoma ndoo ya plastiki?

MWANAISHA: Si umbali na kweli! Rangi ile ikikauka huwa kama ngozi ya plastiki. Nta ikayeyuka kwa ndani, ngozi ikabaki imesimama peke yake, kisha ikajikunja, ikadondoka vipande vipande ndani ya nta ya moto. Utambi kazi yake kufyonza nta, sasa ukazibwa na vile vibanzi. Moto ukawa mdogo kama punje ya mtama, ukatoa moshi mweusi, ukazimika. Na mmoja, vibanzi vyenyewe vilishika moto, pembeni huko, mbali na utambi.

ZUHURA: Na meza nzima asumini na vitambaa vya lasi!

MWANAISHA: Mamake bi harusi akaja na sinia, akaufunika pale pale. Alifanya la sawa kabisa. Nta ikiwaka usiimwagie maji, nakuomba. Maji hugeuka mvuke mara moja na kuirusha ile nta inayowaka, ikakupata usoni.

ZUHURA: Lakini rangi yenyewe ilishikaje? Nta si ina mafuta?

MWANAISHA: Mwanzo ilikataa. Ilikusanyika vitone vitone, kama maji juu ya jani la yungiyungi. Nikaufuta mshumaa kwa spiriti, nikatia tone la sabuni ya kuoshea vyombo ndani ya rangi, ikakubali. Nikajiona fundi mkubwa! Ujanja ule ni mzuri, ila ni wa mshumaa wa pambo, wa kukaa kabatini.

ZUHURA: Na wa kuwashwa?

MWANAISHA: Huo uchore kwa nta. Nta juu ya nta. Weka sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji ya moto, utie vipande vya nta ya parafini. Nyingi huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 68 za Selsiasi, kwa hivyo maji yanatosha, usiibandike juu ya moto wenyewe. Kisha utie rangi ya mishumaa, ile inayoyeyuka kabisa ndani ya mafuta.

ZUHURA: Wanangu wana krayoni tele nyumbani. Nisizikwangue nikatia?

MWANAISHA: La. Rangi ya krayoni haiyeyuki, ni unga tu ulioshikwa na nta. Unga ule utaziba utambi, tutarudi kule kule kwenye punje ya mtama.

ZUHURA: Basi unachora kwa koni ya hina?

MWANAISHA: Nilijaribu, yakhe! Nta iliganda mdomoni mwa koni kabla sijamaliza ua la kwanza. Burashi nyembamba ndiyo dawa. Unachovya, unaburuta mara moja, jani moja limekwisha, unachovya tena. Ukisitasita inaganda njiani ikaacha nundu. Lakini likitoka vizuri, ua linainuka kidogo. Ukipitisha kidole unalisikia, kama hina mbichi ambayo haijabanduliwa.

ZUHURA: Mimi wangu nilioupeleka Likoni ulifika umeinama kama mtu aliye kwenye rukuu. Nusu saa tu kwenye tuktuk, juani.

MWANAISHA: Nta yako laini, na jua la hapa unalijua. Tia stearini kidogo, ni asidi itokayo kwenye mafuta ya wanyama au ya mimea, mshumaa unakuwa mgumu. Hiyo kazi ya Mfaransa mmoja, Chevreul. Yeye na Gay-Lussac walipata hataza ya mishumaa ya namna hiyo mwaka 1825.

ZUHURA: Umeanza.

MWANAISHA: Ngoja, huyu ananihusu! Mwaka 1824 aliwekwa kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, wafumaji wa mapazia ya ukutani. Watu wanalalamika nyeusi haikolei. Akaichunguza, akakuta nyeusi haina kasoro, tatizo ni buluu na zambarau zilizokaa jirani yake. Akayaandika hayo mwaka 1839. Mtu wa mishumaa, mtu wa rangi, na akaishi miaka 102.

ZUHURA: Mashallah! Na wewe limekufaa nini hilo?

MWANAISHA: Nilikuwa natupa rangi bure. Dhahabu juu ya nta ya nyuki, ambayo yenyewe ni ya manjano, inamezwa, hata uongeze vipi. Damu ya mzee pale pale inasimama. Siku hizi kabla ya kuchora napaka mstari mmoja chini ya mshumaa, naugeuza dirishani, ndipo naamua.

ZUHURA: Na ile arubaini iliishia wapi?

MWANAISHA: Mingi niliikwangua rangi, nikaiyeyusha, nikaichuja kwa kipande cha leso kuukuu. Mamake bi harusi alichukua mmoja, kauweka kabati la vioo, kando ya birika la buni. Amesema nikiugusa na kibiriti atanifunika mimi kwa sinia.