Ukumbi wa mtaa na daftari lake

DADA: Karibuni wasikilizaji, popote mlipo, iwe Jinja, Arua, Bombo au Kampala. Leo mimi na kaka yangu tunazungumzia ukumbi wa mtaa, jengo lile ambalo Jumanne vijana hufanyia mazoezi ya ngumi na Jumamosi hupambwa vitambaa kwa karamu ya harusi.

KAKA: Asante, dada. Mimi nimekulia Walukuba, Jinja, katika nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi, wakati mji ulipokuwa ukipanuka kwa sababu ya viwanda na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Watu walitoka pande nyingi, wengine ng'ambo ya mpaka wa Kenya, wakaelewana kwa Kiswahili. Familia zilizobanana vyumbani, mbali na ua wa ukoo, zinahitaji mahali pa kukutania.

DADA: Mahali hapo pana gharama. Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ikiisha, taa huzimika hata kama ndani kuna kwaya inayomsifu Mungu. Ndiyo maana naunga mkono ukodishaji, ingawa wapo wazee wanaolalamika kwamba jengo la umma limegeuzwa duka.

KAKA: Wazee hao wana hoja. Miaka michache iliyopita tulilipia arubuni ukumbi mmoja, ambao sitautaja, kwa ajili ya mkutano wa kuchangia harusi ya mdogo wangu. Tulipofika tulikuta kanisa changa limekwisha kupanga viti na linajaribu spika. Mtunzaji alipofungua daftari, jina letu lilikuwa limeandikwa kwa penseli na kufutwa, lakini mikwaruzo ya herufi zake ilionekana bado chini ya jina la waliolipa zaidi.

DADA: Pole sana. Mkafanyaje?

KAKA: Tulikutana chini ya mwembe, ahadi zikaandikwa nyuma ya bahasha. Mjomba aliahidi mbuzi, ambaye hajafika hadi leo.

DADA: Basi tuanzie hapo. Nafasi iandikwe kwa kalamu ya wino, risiti itolewe papo hapo, na ratiba ya mwezi ibandikwe mlangoni ili kila mpita njia aisome. Kamati ya LC1, yaani uongozi wa serikali ngazi ya kijiji au mtaa, ina watu kumi, miongoni mwao katibu wa vijana na katibu wa wanawake. Hao wawili walipaswa kuwa wa kwanza kulishika daftari kila mwezi unapoanza, watenge saa za vijana, za wazee na za vikundi vya akiba, kisha saa zinazobaki ndizo zikodishwe.

KAKA: Mara nyingi hufanyika kinyume chake, na hasara huonekana haraka kwenye ngumi. Medali za kwanza za Uganda katika Olimpiki zililetwa na wanamasumbwi wawili, Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo, kutoka Mexico mwaka 1968. Kijana anayekuta mlango umefungwa Jumanne na Alhamisi kwa sababu ya warsha ya watu waliolipa vizuri, wiki ya tatu hatokei tena, na mwalimu hana la kumlaumu.

DADA: Kuhusu bei, wenye harusi na mashirika ya warsha walipe kamili, na vikundi vya akina mama walipe kidogo. Siungi mkono kutoa bure kabisa, kwa sababu nimeona wanaopewa bure wakiondoka bila kufagia.

KAKA: Na watoto wanaojifunza ngoma, nao walipe?

DADA: Hapana, kaka, hao umenishinda.

KAKA: Nami naongeza amana ya viti, irudishwe baada ya pande zote mbili kuvihesabu pamoja.

DADA: Jina la ukumbi liandikwe kwa rangi chini ya kikalio. Likiandikwa mgongoni hufunikwa na vitambaa vya harusi, na usiku wakati wa kupakia, kiti hupanda lori la mwenye mahema bila mtu kutambua.

KAKA: Yule mtunzaji wa penseli aliviandika hivyo hivyo, kwa rangi nyekundu. Jioni ile alitukopesha ishirini tukakalie mwembeni, na kabla hatujaondoka alivigeuza kimoja kimoja akivihesabu kwa sauti.