Maungo Yote Yanauma, na Sijui Yanauma Nini

Mhadhara kwa wagonjwa wa saratani na wanaowauguza, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum. Mama zangu, baba zangu, karibuni.

Maneno hayo ya kichwa nimeyasikia kwa wagonjwa wengi. Mtu kavuka bahari, katundikiwa dripu ya tibakemikali Dar es Salaam, karudi na boti mpaka Mkoani hajambo. Siku ya tatu kuinuka mkekani ni kazi. Anaingiwa na hofu kuwa saratani imeshafika mifupani, naye ananyamaza, maana tumelelewa kustahamili. Lakini Nabii Ayubu, huyo tunayempigia mfano wa subira, alimwita Mola wake akasema madhara yamemgusa. Semeni.

Mengi ya maumivu haya yana ratiba yake. Ukipewa paklitakseli, moja ya dawa hizo za dripu, misuli na viungo huanza kuuma siku ya pili au ya tatu, na mara nyingi hutulia ndani ya wiki. Ukichomwa filgrastimu, ile sindano ya kuinua seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, nyonga na kiuno hugonga kwa ndani, kwa sababu uboho ulio ndani ya mifupa umo mbioni kuzitengeneza. Hata kumaliza vidonge vya deksamethasoni, vile vya kuzuia kutapika na mzio wa dripu, huweza kuuacha mwili umechoka na unauma.

Ganzi ni jambo jengine. Vidole vinachomachoma, vifungo vya nguo havifungiki, kandambili inavuka mguuni hujui. Hapo dawa imegusa mishipa ya fahamu. Usilifiche hili hata siku moja: daktari anaweza kupunguza dozi mapema, kabla mishipa haijaumia zaidi.

Kwa hiyo nunueni daftari. Andika tarehe ya dripu, siku maumivu yalipoanza, pahala yalipo, na yalivyo: yanachoma, yanagonga, yanavuta? Ukurasa mmoja wa namna hiyo unamsaidia daktari kuliko kumwambia "naumwa mwili mzima".

Sasa dawa zetu za nyumbani. Kuchuliwa kwa mkono mwepesi na mafuta ya nazi sina ugomvi nako, ila msikandamize, na mguu uliovimba msiuguse. Mafuta ya karafuu ni makali, na ngozi wakati huu ni kavu, inaungua upesi. Chuku ya kuchanja, nawaomba sana, hapana: seli nyeupe zikiwa chini, kidonda kidogo ni mlango wa vijidudu, na chembe za kugandisha damu nazo huwa zimepungua. Mwenye ganzi asijipimie mwenyewe maji ya moto, ampimie mwengine.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni msinunue dukani bila kumuuliza daktari, zinaweza kuleta kutokwa na damu na kuumiza figo. Panadol nayo, kabla ya kuimeza pima joto, kwani hushusha homa ikaficha maambukizi. Kipimo kikisoma 38 au zaidi, hospitali saa ile ile, hata usiku wa manane.

Na msisubiri pia mgongo ukiuma huku miguu inalegea au mkojo hauzuiliki, mguu mmoja ukivimba, au kifua kikibana.

Nimekuja na vipimajoto viwili. Kina mama mlio nyuma, sogeeni, kila mmoja akisome kwa macho yake.