Kukausha maembe nyumbani hapa Lamu, na mboga kidogo

Assalam aleikum jamani, karibuni. Leo tunakausha embe, na mwishoni tutapitia mboga za majani, manake msimu ndio huu, boti za Mokowe zinashusha maembe kutoka mashamba ya huko Hindi na Mpeketoni kila asubuhi, bei iko chini, halafu mengi yanaishia kuoza sokoni na roho inauma wallahi. Embe likikauka sawasawa unakaa nalo miezi kadhaa bila friji.

Kabla hatujashika kisu, nielewe hapa. Watu wengi wakiona jua kali wanadhani mambo tayari. Embe lina maji kama asilimia 83 na hayo maji hayatolewi na joto peke yake, yanatolewa na upepo unaopita juu na chini ya kipande. Sasa sisi tunaokaa pwani hewa yetu ina unyevu wa bahari, jua likizama unyevu unapanda, na kile kipande ulichokianika mchana kutwa kinaanza kunywa maji upya. Kwa hivyo sisi hapa tunashindana na unyevu, jua lenyewe tunalo. Anika wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hivi mpaka Machi. Masika usihangaike na kuanika, tumia oveni au mashine ya kukaushia kama unayo.

Haya, embe. Mimi nachukua aina ya ngowe kwa sababu nyama yake haina nyuzi. Bonyeza hivi kwa kidole gumba, umeona? limeiva lakini bado lina ugumu. Likishakuwa laini sana litakusumbua kukata na litang'ang'ania kwenye wavu, hilo fanya juisi. Osha, menya, kata kuzunguka kokwa. Unene ndio muhimu, milimita 5 au 6, chukua rula ya mtoto ya shule upime vile vya mwanzo mpaka mkono uzoee. Ukichanganya vinene na vyembamba, vyembamba vitakuwa tayari na vinene ndani bado vibichi, na hivyo vibichi ndivyo vitakavyoozesha chupa nzima.

Kamua ndimu, changanya na maji nusu kwa nusu, tumbukiza vipande dakika 5 mpaka 10 kisha vichuje. Ndimu inazuia embe kugeuka rangi ya udongo. Usiongeze sukari, ngowe linajitosha.

Sasa kwenye wavu nisikilizeni vizuri. Hii fremu ni ya mbao, na huu ni wavu wa plastiki wa madirisha, umeoshwa kwa sabuni ukasuuzwa na ukakauka. Usitumie chandarua cha kuzuia mbu chenye dawa, hata kama ni kikuukuu na umekifua mara nyingi, ile dawa imetiwa kwenye nyuzi zenyewe na haifai kugusana na chakula. Na waya wa mabati pia hapana, embe lina asidi na ule mpako wa zinki unaingia kwenye chakula.

Panga vipande visigusane, acha nafasi ya upepo kupita. Hapa darini nimeinua fremu kwa mawe manne, moja kila pembe, ili upepo upite chini. Juu nafunika wavu mwingine kwa ajili ya nzi, na huu wa juu ufunge kwa kamba jamani, sio kuuwekelea tu, manake kunguru wa hapa wanajua kufunua na paka wetu wa Lamu hawaogopi ngazi wala mtu. Juu ya kipande pakishakuwa hapalowanishi kidole, baada ya masaa mawili matatu, geuza.

Alasiri ikipita ingiza ndani, usingoje maghrib. Weka chumba chenye feni, mbali na jiko linalochemka, asubuhi umande ukishaondoka rudisha juu. Kwa jua zuri ni siku mbili, tatu, wakati mwingine nne. Kwa mashine weka nyuzi 57 mpaka 60. Ukitumia oveni weka moto wa chini kabisa na uegeshe mlango uwe wazi kidogo mvuke utoke, na usiwe na haraka ya kupandisha moto, nje patafanya ganda gumu na maji yatabaki yamefungiwa ndani.

Kupima: toa kipande kipoe kwanza, cha moto kinadanganya. Kikunje hivi. Kimekunjika, hakijavunjika, hakinati. Sasa kichane, angalia pale palipochanika... hamna hata tone. Hicho kimekauka.

Ukimaliza usifungashe moja kwa moja. Jaza chupa ya kioo kavu theluthi mbili tu, funga, tikisa kila siku kwa wiki moja, ili vipande vyenye unyevu kidogo vigawane na vikavu. Ukiona jasho kwenye kioo rudisha vyote wavuni. Na vilivyoanikwa nje vitie friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa masaa 48, mayai ya wadudu yafe, halafu ndio uhifadhi mahali pa giza. Anayetaka ladha ya achari anyunyize pilipili ya unga na chumvi kabla ya kuanika, hapo watoto hawakuachii kitu.

Mboga za majani, mchicha au kunde, chagua machanga, osha, tumbukiza maji yanayochemka kama dakika moja, toa tia maji baridi, chuja vizuri. Hizi anika kivulini penye upepo, jua kali linaua vitamini A na kijani kinapauka. Karoti kata nyembamba, maji ya moto dakika 3. Mboga tofauti na embe inatakiwa ikauke mpaka ivunjike, ukifikicha isagike mkononi.

Kupika, loweka maji ya vuguvugu kama nusu saa kisha tia kwenye tui la nazi, na yale maji uliyolowekea usiyamwage, mimina humo humo sufuriani.