Joto na Mahali pa Kuota: Mhadhara kwa Wafugaji wa Mijusi

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Bila shaka wapo humu wanaoshangaa kwamba mkaazi wa Kampala, anayeishi karibu kabisa na ikweta, anunue taa ya kumpasha mjusi joto. Tusisahau mwinuko. Mji huu uko yapata mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku hewa hushuka hadi nyuzi 17 au 18 za Selisiasi; Kabale, iliyo juu zaidi, hushuka kuliko hapo. Mjusi mwenye ndevu wa Australia, ambaye wengi hupenda kumfuga, huhitaji mahali pa kuotea penye nyuzi 38 hadi 42, na hakuna sebule ya Kampala inayofika huko.

Mjusi hajitengenezei joto la kumtosha mwilini. Mtazameni yule wetu mwenye kichwa cha buluu anayeng'ang'ania mashina ya miti: asubuhi hujianika juani, na jua linapokuwa kali huzunguka upande wa kivuli. Kwa kuhama huko ndiko anakopanda na kushuka joto, na kwa sababu hiyo siafiki desturi ya kupasha kizimba kizima. Upande mmoja uwe wa moto, upande wa pili ubaki na nyuzi 24 hadi 26, na kizimba kiwe kirefu kiasi cha kuzitenganisha pande hizo. Akikosa joto, chakula hakisagiki tumboni. Akikosa pa kulikimbia joto, hufa upesi zaidi.

Joto lenyewe litoke juu, kama la jua. Balbu ya waya au ya halojeni hufaa. Balbu za LED zilizojaa madukani hutoa mwanga, lakini joto lake halitoshi. Anzeni na wati 50 kwa umbali wa sentimita 30 hivi, msubiri saa nzima, kisha mpime juu ya jiwe au gogo ambapo mjusi atalala, kwa maana kipimajoto kilichobandikwa ukutani husoma hewa tu. Holda iwe ya kauri, kwani ya plastiki huyeyuka, na balbu izungushiwe wavu ili mjusi asiirukie. Mawe ya umeme yanayouzwa kwa kazi hii mimi siyataki kabisa: mjusi huweza kulala juu yake hadi ngozi ya tumbo iungue, naye asiondoke.

Tangi la kioo lisiwekwe dirishani penye jua, maana hugeuka tanuri. Isitoshe, kioo huzuia miale ya urujuanimno ambayo mwili wa mjusi huihitaji ili kutumia kalsiamu. Ni afadhali kumtoa nje kwa muda katika kizimba cha wavu chenye kivuli, mkimwangalia.

Usiku zimeni taa. Kwa mjusi mzima mwenye afya, baridi ya Kampala haidhuru, na umeme ukikatika jioni msikimbilie jiko la makaa, kwa kuwa moshi wake usioonekana huua mjusi na wenye nyumba pia. Vinyonga wa milimani wao huhitaji ubaridi, na joto nililolitaja hapa lingewaua. Tena mnyama wa porini hafugwi bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda.