Tusihesabu wazee, tuhesabu watoto

Hamjambo Wasuba wenzangu, hasa nyinyi wa Mbita, Rusinga na Mfangano, kwetu Ziwa Victoria nchini Kenya. Nataka tuzungumze jinsi ya kuokoa lugha yetu, Kisuba. Leo niko Wainuiomata, karibu na Wellington, huku New Zealand. Hapa ndipo Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hii, walipofungua kōhanga reo ya kwanza, mwaka 1982. Ni chekechea, ila ndani yake Kiingereza hakiingii. Mtoto analishwa kwa Kimaori, anabembelezwa kwa Kimaori, hata akikosea anakanywa kwa lugha hiyo hiyo. Na wanaofanya hivyo ni nyanya na babu.

Kwa nini wao? Wengi wa rika lao walichapwa shuleni kwa kusema lugha yao. Wakaapa wanao wasipitie mateso hayo, wakawalea kwa Kiingereza. Kizazi cha katikati kikakosa lugha, ndiyo maana mjukuu akapelekwa moja kwa moja kwa babu. Mimi naona huo ni ujasiri mkubwa sana.

Lakini kwanza walipima. Miaka ya 1970 mtafiti Richard Benton na wenzake walipita nyumba kwa nyumba katika Kisiwa cha Kaskazini, wakiuliza Kimaori kinatumikaje nyumbani na kijijini. Wazee wasemaji walikuwepo, tena wengi. Sehemu ambako watoto bado walikua wakikisema ndizo zilikuwa za kuhesabika.

UNESCO nao, mwaka 2003, walitoa vigezo tisa vya kupima uhai wa lugha. Idadi ya wasemaji imo, lakini cha kwanza kabisa ni hiki: je, wazazi wanawarithisha watoto? Lugha inayosemwa na nyanya peke yao iko hatarini hata kama nyanya hao ni maelfu.

Sasa tuje kwetu, jamani. Sisi Wasuba tumehamia Dholuo, lugha ya majirani zetu Wajaluo, na hilo halikuanza jana. Mfangano ilipata redio ya jamii iliyotangaza kwa Kisuba, na nilifurahi mno. Ila redio haimjibu mtoto anapouliza maji yako wapi. Wamaori walipata sheria ya lugha yao 1987, wakapata televisheni yao 2004, na bado sensa ya 2018 ilikuta ni asilimia 4 tu ya watu nchini wanaoweza kuzungumza Kimaori. Kōhanga zenyewe zilipita 800 mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha zikapungua sana. Kazi hii haina likizo.

Kwa hiyo kabla hatujachangishana pesa za kamusi, naomba kila mmoja apite bomani kwao na daftari. Andika: ni mtoto gani chini ya miaka kumi anayesemeshwa Kisuba kila siku, na nani anamsemesha? Ni nyanya gani ana nguvu na hiari ya kukaa na watoto asubuhi? Majina ya nyanya hao mpelekee mwalimu wa chekechea ya kijijini kwenu, mkae naye mpange. Mimi Jumapili nawapigia wajomba zangu, tunaanza na boma letu.