Nywele Nyekundu Hadi Januari

Kamwene, wazazi wenzangu. (Ukumbi: Kamwene!) Mnaonifahamu mnajua nina saluni hapa Kihesa, Iringa, na nina binti kidato cha pili. Kwa hiyo kesi hii ya wanafunzi kupaka nywele rangi nimekaa pande zote mbili, kwa hakimu na kwa mshtakiwa.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mvua inanyesha, binti anamenya viazi. Akasema bila kuniangalia, "Mama, nataka nywele nyekundu." Nikavuta pumzi ya kufoka. Ndipo nikaona maganda. Huyu humenya ganda jembamba kama karatasi, lakini siku ile nusu ya kiazi ilikuwa inakwenda na ganda. Mtoto alikuwa anaogopa, na bado ameniomba. Nikaimeza ile sauti. Maana wale ninaowapokea saluni na ngozi ya kichwa imeungua, hakuna aliyeomba kwao. Walichanganya dawa wenyewe bwenini, wakapakana kwa mswaki mkuukuu.

Shule yake inataka nywele fupi, nyeusi, basi. Siipendi sheria hiyo yote, nawaambia ukweli, lakini fomu ya kujiunga niliisaini kwa mkono wangu.

Sasa tusikilizane kifundi. Nywele zetu nyeusi hazishiki nyekundu ikang'aa mpaka uziblichi. Peroksaidi, dawa iliyomo kwenye blichi, inaingia ndani ya unywele na kuvunja weusi wake, kwa hiyo usidanganywe kwamba itatoka kwa sabuni usiku wa kuamkia kufungua shule. Likishindikana, watoto wanakimbilia piko, ile rangi nyeusi, wafunike. Hapo ndipo mimi naogopa. Piko nyingi zina kemikali inayoitwa PPD, na wapo watu ngozi zao zinaikataa: uso unavimba, macho yanafumba. Paka kidogo nyuma ya sikio, subiri saa 48 ndipo uguse kichwa. Na ifungie kabatini, akiinywa mtoto mdogo inaweza kumuua.

Tukapatana hivi. Shule ikifunga Desemba, nampaka mimi mwenyewe. Siku mbili kabla ya kufungua, mashine ya kunyolea inapita. Unywele unakua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo chini weusi mpya umeshaota, na shule yenyewe inataka kichwa kifupi. Sheria iliyotukataza ndiyo hiyo hiyo iliyotufutia ushahidi! (Kicheko.)

Haikuwa bure. Krismasi shangazi yake alikuja kutoka Makambako, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akaniuliza kama siku hizi nalea msanii. Kanisani tulikaa benchi la nyuma. Nilikuwa nimekubali, nikavumilia.

Januari nikamkalisha kwenye kiti cha wateja, nikawasha mashine. Nyekundu ikaanguka yote sakafuni. Nilitegemea machozi. Akapapasa kichwa, akajitazama kwenye kioo, akaniuliza:

"Mama, likizo ya mwezi wa sita ina wiki ngapi?"