Mkiwa na Fukara: Kuhusu Neno "destitute"

Mabibi na mabwana, wafasiri wenzangu na wanahabari mliofika jioni hii hapa Nairobi,

Nimeombwa nizungumzie neno moja la Kiingereza, "destitute", ambalo hutujia mara kwa mara katika ripoti za misaada na katika fomu za kila namna, nasi kwa haraka ya kazi hulifasiri "maskini sana" na kuendelea na sentensi inayofuata. Nimekuja kuwasihi tuyaache mazoea hayo, kwa kuwa "sana" huongeza kipimo cha umaskini bila kuigusa maana ya neno lenyewe.

Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "destituere", yaani kumwacha mtu, kumtelekeza. Lilipoingia katika Kiingereza, katika karne ya 14, lilimtaja aliyeachwa. Maana ya kukosa riziki ilikuja baadaye, ikaifunika ile ya kwanza pasipo kuifuta. Tangu Juni 2025 Benki ya Dunia humhesabu kuwa katika umaskini uliokithiri mtu anayeishi kwa chini ya dola 3 kwa siku, na "umaskini uliokithiri" ni tafsiri inayofaa kabisa kwa kipimo cha aina hiyo. Lakini kipimo hicho hakiulizi kama mtu huyo ana jirani wa kumkopesha unga, na hapo ndipo "destitute" linapoanzia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkalimani wa watu waliokuwa wakijaza fomu nyumba kwa nyumba huko Mathare, mtaa wa mabanda wa hapa Nairobi. Nilimwuliza mama mmoja mzee, kama karatasi ilivyonitaka, iwapo yeye ni maskini sana. Akanijibu: "Maskini tuko wengi kwenye ploti hii, mwanangu. Hao wengine wana watu. Mimi sina mtu." Alikuwa amelifasiri neno la Kiingereza kwa usahihi ambao mimi, niliyelipwa kwa kazi hiyo, sikuwa nao. Nikaandika "maskini sana", na mpaka leo najuta.

Haikuwa kwamba lugha ilininyima maneno. Tunaye hohehahe, tunaye mkata, tunaye mchochole, na tunasema fulani hana hanani, hana mbele wala nyuma. Mlalahoi simtaji katika kundi hilo, kwa sababu yeye huamka akaenda kibaruani na kurudi hoi. Kazi anayo, ila haimtoshi. Na kijana wa Nairobi anayesema amesota anaeleza hali ya mfuko wake, ambayo huenda ikabadilika mwisho wa mwezi.

Fukara anahitaji maelezo zaidi. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako ni wingi wa "faqir". Waswahili tukaligeuza kuwa la mtu mmoja na kulipatia wingi wetu wenyewe, mafukara. Katika aya ya 60 ya Sura At-Tawba, mafukara na maskini wametajwa mbalimbali miongoni mwa wanaostahiki zaka, na wanazuoni wakahitilafiana ni nani kati yao aliye na hali mbaya zaidi: kati ya madhehebu ya sheria ya Kiislamu, Mahanafi walisema ni maskini, Mashafii wakasema ni fukara. Waislamu wengi wa pwani yetu ni Mashafii, na masikio ya Waswahili yanakubaliana nao, kwani kwetu fukara yuko chini ya maskini. Kwa hiyo ningelitumia fukara mahali ambapo jambo linalopimwa ni uwezo wa mali, kama katika Agizo la 33 la Kanuni za Mashtaka ya Madai za Kenya za mwaka 2010, linalomruhusu asiyeweza kulipa ada ya mahakama kufungua kesi hata hivyo. Kanuni hizo kwa Kiingereza humwita "pauper", na mahakama haimwulizi kama ana jamaa.

Yule mama wa Mathare, hata hivyo, alikuwa mkiwa. Mkiwa ni mtu asiye na mali, na asiye na ndugu wala jamaa wa kumtazama. Ukosefu na upweke vimekaa pamoja ndani ya neno moja, kama vilivyokaa katika "destitute". Waliotutangulia waliliona hilo. Katika Zaburi ya 102, mstari wa 17, mahali Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inaposema "destitute", Biblia yetu ya Muungano inasema mkiwa. Nawasikia wanaosema kwamba neno hilo limechakaa, kwamba msomaji wa gazeti hatalielewa. Mimi naamini atalielewa akilikuta mara tatu, na hawezi kulikuta ikiwa sisi tunaliogopa.

Kuna mahali pamoja ambapo mkiwa hatufai. Kiingereza huweza kusema mtu ni "destitute" wa kitu fulani, wa huruma au wa matumaini, naye akawa na mali tele. Hapo tusitafute jina la mtu; tuseme tu kwamba hana huruma hata chembe, au kwamba matumaini yamemwishia.